Taa ya Oili ya Mzee Laurian

Siku ninarudisha funguo za kabati langu la vifaa, fundi aliyerithi benchi langu aliniuliza: "Mzee Novatus, taa ya dashibodi inayowaka njiani, gari likifika hapa haiwaki tena, wewe ulikuwa unaitafutaje?" Nikamjibu harakaharaka, aangalie ethi, ule waya unaorudi kwenye bodi ya gari, aangalie viungo vya waya, maana gari la kunipeleka nyumbani Ijuganyondo lilikuwa limeshawashwa na dereva anapiga honi utadhani nimemchelewesha harusi yake. Huu ni mwezi wa pili nakaa nyumbani, nafukuza kuku kwenye kibanja cha migomba, na swali lile halijanitoka. Jibu nililompa lilikuwa sahihi, ila halikukamilika. Sehemu iliyobaki sikuwahi kuisimulia pale karakana, na wengi walioijua wameshafariki.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipanda, nikashushwa, nikapanda tena, basi. Nilianza kazi uhuru ukiwa bado mbichi, mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi, nikiwa nimetoka shule ya misheni na Kiswahili cha darasani. Siku ya kwanza nilimwambia Fundi Salum: "Tafadhali, je, ungependa nikusaidie kuleta bisibisi?" Akaweka chini alichoshika akacheka mpaka akatoa machozi. Salum alizaliwa Bilele hapahapa Bukoba, lakini babu yake alitoka pwani, na Kiswahili alikinyonya na maziwa. "Kijana," akasema, "hapa hatuandiki barua kwa gavana. Sema 'bisibisi hii hapa', inatosha."

Alikuwa fundi umeme wa magari, na ndiye aliyenifundisha. Mwezi mzima wa kwanza sikugusa gari. Alinipa kipande cha msasa na kopo lililojaa vichwa vya waya vilivyoota kutu, nikavisugua kimoja kimoja mpaka ving'ae. Nikimaliza kopo moja, analeta jingine. Wenzangu wa injini walikuwa wananiita dobi. Mwezi wa pili akanionyesha kutengeneza taa ya kupimia: balbu ndogo iliyochomelewa waya mbili, mmoja unashika ethi, wa pili unagusa pale unapopatilia shaka. Ile niliyotengeneza siku hiyo niliitumia miaka yote, balbu tu ndiyo nilibadilisha. Nyinyi mna vipimo vya namba sasa, vizuri, lakini namba nazo zinasomwa na mtu.

Kuhusu taa za dashibodi Salum alikuwa mkali kuliko kitu kingine chochote. "Injini haina mdomo," alikuwa anasema. "Imepewa taa. Ukiidharau, umemziba mtu mdomo." Na zile zinazowaka na kuzima alizifananisha na homa ya vipindi: ukimpima mgonjwa saa ambayo homa imeshuka, utaandika kwamba ni mzima, arudi kulima. Inabidi ukae naye mpaka impande. Kwa hiyo Salum alikuwa anapanda gari. Kulikuwa na lori moja la kubeba kahawa ambalo taa yake ya chaji ilikuwa inawaka siku nyingine na siku nyingine haiwaki, na mafundi wawili walishalibadilishia betri bure. Salum akakaa kando ya dereva, wakaenda Rwamishenye na kurudi, wakaenda tena na kurudi, yeye kimya, anaitazama taa. Safari ya tatu akasema, "Inawaka ukikata kushoto." Tukafungua chini ya usukani, tukakuta waya mmoja mfupi, usukani ukienda kushoto unavutwa unachomoka kidogo. Tukaunga kipande chenye urefu wa kiganja. Lori lile lilibeba kahawa miaka mingi baadaye bila kulalamika.

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na ningesema hapa kwamba nami nilifanya hivyo siku zote. Ingekuwa kweli, nisingekuwa naandika haya.

Ilifika miaka ya vijiji vya ujamaa. Magari yalikuwa machache, kazi zake nyingi, na vipuri ulikuwa unavisikia kwa jina. Salum macho yalianza kumsumbua, akastaafu, akarudi Bilele kukaa barazani kwake, nikabaki mimi kwenye umeme. Halafu petroli ikawa shida. Mkuu wetu wa karakana, mtu wa nidhamu na muhuri, akatoa amri mbili. Ya kwanza, hakuna fundi kupanda gari kwa kisingizio cha kulijaribu barabarani. Gari lijaribiwe likiwa limesimama. Ya pili ilipakwa rangi kwenye geti kwa herufi kubwa: GARI CHAFU HALIPOKELEWI. Hii ya pili sote tuliishangilia. Malori yalikuwa yanarudi kutoka kuhamisha watu vijijini yakiwa na kinyesi cha mbuzi, maganda ya ndizi na kuku aliyesahauliwa, na fundi ndiye anayelala chini yake. Tangu siku ile kila dereva alifagia gari lake na kuliosha ndani na nje kabla hajatufikia, na sisi tukajiona watu wa maana.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Laurian. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kituo kimoja upande wa Muleba, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alikuwa anaongea polepole, na kila sentensi anaipima. Gari lake lilikuwa la aina ile ambayo injini inakaa katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kifuniko cha bati, na nyuma ya kifuniko hicho ndipo panapoanzia sakafu ya mgonjwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatoa akina mama waliokwama katika uchungu, vijijini kuwapeleka kituoni, na hali ikizidi kuwa nzito, kuwaleta mjini.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "taa ya oili inanikonyeza."

"Inawaka moja kwa moja?"

"Hapana. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Nikisimama kupima oili, imejaa."

Nikawasha injini. Taa ikazima, ikatulia. Nikaikanyagia mafuta, nikazitikisa nyaya, nikagonga dashibodi kwa ngumi. Kimya. Gari lilikuwa safi, bati la sakafu linang'aa, ameliosha mpaka pembeni. Kwenye kadi ya kazi nikaandika: Hakuna kosa. Nikatia saini. Baada ya wiki mbili akarudi na neno lilelile. Nikafanya yaleyale, nikaandika yaleyale, ila saini ya safari hii ilikuwa na mkwaruzo wa hasira.

Mara ya tatu alikuja asubuhi, tuko wengi pale uani. Alivua kofia. "Fundi, nimeichunguza. Inawaka nikibeba mgonjwa. Nikiwa peke yangu haiwaki."

Sikilizeni vizuri, maana hapo Mzee Laurian alikuwa ameshanimalizia kazi. Alinipa ugonjwa na saa unayopanda. Salum angesikia vile angeangusha kila kitu akaenda kuangalia sakafu ya mgonjwa. Mimi nilicheka. "Loh, Mzee Laurian! Basi taa yako inaogopa wajawazito." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mmoja akauliza kama inawaka kwa wasichana pia au kwa wake za watu tu. Laurian alisimama na kofia mkononi mpaka tukamaliza kucheka. Aibu ile ninayo mpaka leo, na sioni kwa nini nisiiseme.

Kelele zikamtoa mkuu ofisini. Akachukua kadi tatu, akasoma: hakuna kosa, hakuna kosa, na ya tatu nilikuwa naiandika mbele yake. Akamgeukia mzee. "Ndugu Laurian, gari zima, petroli ya taifa unaimaliza kuja huku kila wiki. Wewe unakwepa safari. Ukirudi mara ya nne na hadithi hii nitaiita hujuma, na kazi huna." Enzi zile neno hujuma halikuwa la kuchezea. Mtu aliweza kufukuzwa kwa neno hilo, na kijijini watoto wake wakaitwa kwa jina hilo.

Nilimsindikiza mpaka getini, nusu kwa huruma na nusu ili aondoke nifanye kazi nyingine. Pale akasimama. "Sasa fundi, ikiwaka nifanyeje?"

"Endelea tu, mzee. Taa hiyo ni mwongo."

"Niendelee tu?"

"Endelea tu."

"Haya, fundi," akasema. Akavaa kofia yake, akaenda.

Ilikuwa masika. Kama mwezi umepita, asubuhi moja mtu wa baiskeli alileta habari kwamba gari la wagonjwa limekufa kwenye mlima, kabla ya kufika Muhutwe, likiwa na mgonjwa ndani. Nikapelekwa na lori la kuvuta, mimi na dereva wake, na sanduku la vifaa. Tulipofika ilikuwa saa nane mchana. Mgonjwa alikuwa ameshachukuliwa na lori la mizigo lililopita, baada ya kungoja saa nne kando ya barabara. Aliitwa Yustina, alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na alikuwa na mumewe na mama mkwe wake. Mtoto alizaliwa palepale kwenye majani, chini ya koti la mvua walilolishika watu wanne. Alipumua kidogo, halafu akaacha. Yustina alipona. Hayo nilielezwa na watu waliokuwa bado wamesimama pale.

Laurian alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, koti amelikunja mapajani. Aliponiona alisimama, akanisalimu kwa adabu yote, akauliza hali ya nyumbani kwangu. Kisha akasema, "Iliwaka, fundi. Safari hii haikuzima."

"Ukafanyaje?"

"Niliendelea tu."

Nilimwacha nikaingia chini ya gari, kwa sababu chini ya gari hakuna mtu wa kumtazama. Jiwe lilikuwa limepasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nyuma yetu barabarani mstari wa oili ulionekana mpaka kwenye kona, na mvua ilikuwa inauosha. Injini ilikuwa imenoki, haizunguki hata kwa mkono. Taa ilisema kweli, na ilimpa muda wa kutosha kusimama, kuziba hata kwa sabuni na kitambaa, kuomba oili kwenye lori lolote, akafika.

Nikatoka, nikafungua mlango wa nyuma. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akakuta ni kwao. Sakafu yote ilikuwa imetandikwa nyasi. Nyasi laini za rweya, ile mbuga yetu isiyolimwa, mbichi, zimekatwa asubuhi hiyo, mashina yamelazwa upande mmoja na vichwa upande mwingine, vilevile mama yangu alivyokuwa anatandika ndani kwetu kila Jumamosi. Katikati zilikuwa zimelowa damu. Miezi yote ile nililiangalia gari lile sijaliona hivyo, kwa sababu halikuwahi kunijia hivyo.

"Mzee Laurian, nyasi hizi nani ameweka?"

"Wenyewe. Humlazi mwanamke wa uchungu juu ya bati, waitu," akasema kwa lile neno letu la heshima. "Mama mkwe ndiye anayetandika, hawezi kukubali."

"Kila safari?"

"Kila safari. Nikija kwenu natoa, nafagia, naosha. Si ndivyo geti lenu linavyosema?"

Nilipiga magoti nikachunguza pale sakafu inapokutana na kifuniko cha injini. Mabua yalikuwa yamesukumwa chini ya ukingo wa bati, fungu zima, na yameubana waya wa taa ya oili kwenye ukingo mkali. Ngozi ya waya ilikuwa imeliwa, shaba inang'aa. Nikaenda kwenye injini nikauchomoa waya ule kwenye swichi ya presha, nikazungusha ufunguo. Taa haikuwaka, kama inavyopaswa. Nikarudi nyuma nikaegemea nyasi kwa kiganja. Ikawaka. Nikainua mkono. Ikazima. Uzito wa mwanamke aliyelala, gari likiruka kwenye mashimo: inawaka, inazima, inawaka, inazima. Ukifagia nyasi waya unarudi mahali pake, na fundi hodari anaandika hakuna kosa. Mimi Mhaya, niliyezaliwa juu ya nyasi zile, sikuwahi hata kuuliza: mzee, mgonjwa wako analalia nini?

"Umeona nini?" Laurian aliuliza nyuma yangu.

"Bado naangalia," nikasema. Nikakata kile kipande cha waya kilicholiwa nikakitia mfuko wa shati.

Mzee alisimamishwa kazi siku ileile. Uchunguzi ulipangwa baada ya wiki tatu, na kila asubuhi ya wiki hizo nilivaa shati nikahamisha kile kipande kutoka shati la jana. Sitajisafisha. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na kadi tatu zenye saini yangu zilikuwa zinasema niko salama. Neno nililomwambia getini halikuandikwa popote. Lilikuwa neno langu na lake, na lake tulishalifanya takataka.

Nilikwenda Bilele kwa Fundi Salum, nikampa waya, nikamweleza yote. Hakuuona vizuri, aliupapasa kwa kidole gumba mpaka akafika penye shaba. Nilitegemea anipe neno la kunipoza. "Waya umeupata," akasema. "Dereva umemweka wapi?" Nikaanza kueleza habari za amri ya petroli, mkuu, na wanangu. Salum alinyoosha mkono akanirudishia waya. "Ondoka hapa kwangu, Nova. Ukishasema unakotakiwa kusema, njoo unywe chai." Mkewe aliyekuwa analeta kikombe akageuka nacho njiani.

Uchunguzi ulifanyika kwenye ukumbi mdogo, mbele ya kamati ya watu watano. Mume wa Yustina, mkulima wa kahawa, kijana kuliko nilivyodhani, aliketi mwisho wa benchi na kofia magotini. Zikasomwa kadi zangu tatu. Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu Novatus, saini hizi ni zako?"

"Zangu."

"Uliona kosa lolote?"

"Sikuona."

Akaniambia nikae, nikakaa. Akamgeukia Laurian. Taa iliwaka? Iliwaka. Ulijua maana yake? Najua. Miaka mingapi unaendesha? Ishirini na mbili. "Sasa ndugu, kwa nini ulijua maana yake na ukaendelea?"

Nilikuwa nimejikaza nikingoja jina langu. Mzee Laurian hakunitazama kabisa. Aliinamisha kichwa akasema, "Nilikosea, Ndugu Mwenyekiti."

Mwenyekiti akaanza kuandika. Nilisikia kalamu inakwaruza karatasi, na nikaelewa kwamba ikifika mwisho wa mstari ule mzee huyu ataitwa mhujumu mpaka kaburini, na mimi nitarudi kwenye benchi langu. Ningependa kusema ni ujasiri ulioninyanyua. Sidhani. Nilijikuta nimesimama, kile kipande cha waya kiko mezani mbele ya kamati, na sauti yangu inasema: "Ndugu Mwenyekiti, mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Alikuja kwangu mara tatu. Mara ya tatu aliniambia inawaka akibeba mgonjwa, nikamcheka mbele za watu. Nikamwambia taa ni mwongo, ikiwaka aendelee tu."

Mkuu wa karakana akakohoa. Nikaendelea. Nikaeleza nyasi, ukingo wa bati, waya, yale ya kiganja changu. Mwanamke mmoja wa kamati, wa kwetu Wahaya, aliposikia nyasi alishika mdomo akasema taratibu, "Mawe!", yaani mama wee. Yeye alielewa kabla sijamaliza.

Mume wa Yustina akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Mwenyekiti akamruhusu. Aliniuliza mimi, siyo kamati. "Kama ungeuona waya huu siku ya kwanza, ungeufanya nini?"

"Ningeufunga tepu, nikauhamisha kwenye ukingo."

"Kazi ya muda gani?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi," akarudia. Alivaa kofia yake humohumo ukumbini, akatoka.

Laurian alirudishwa kazini, faili lake likasafishwa. Mimi nilipelekwa mwaka mzima kwenye sehemu ya kuoshea magari, na niliona ni adhabu ndogo. Maandishi ya getini yalifutwa bila tangazo. Kuanzia pale nilikuwa nawaambia madereva wasinifagilie kitu. Nataka gari na matope yake, mizigo yake, na matandiko yake, liko vilevile lilivyokuwa taa ilipowaka. Na kwenye kadi, kabla ya neno langu, naandika maneno ya dereva kama alivyoyasema, hata yakichekesha. Hasa yakichekesha. Hilo ndilo lililobaki katika jibu lako, kijana wangu wa benchi. Ethi na viungo vya waya utaviona mwenyewe. Muulize kwanza alikuwa amebeba nini, na ulivyojibiwa uandike.

Siku ile ya uchunguzi nilimkuta Mzee Laurian nje ya ukumbi, chini ya upenu, anangoja mvua ipungue apate gari la kumrudisha Muleba. Nikamwomba radhi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru kwamba nimesema. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja, wakati ukweli ulikuwa wake.

"Mara tatu hamkuniamini," akasema. "Ya nne ningemwambia nani?"

Yeye akawa anaitazama mvua.

"Nikuulize na mimi, fundi," akasema. "Leo umesimama kwa sababu waya umeuona kwa macho yako. Kama usingeuona, ukabaki na neno langu tu, ungesimama?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Alingoja kidogo, kwa adabu, halafu akavaa koti lake, akaingia mvuani.